Upanga na Muhuri: Kudhoofika kwa Wamughali na Kuinuka kwa Wamaratha

Katika vitabu vingi vya shule, habari za Bara Hindi katika karne ya 17 na ya 18 husimuliwa kwa namna moja. Yasemwa kwamba mfalme Aurangzeb alikuwa mkali wa dini, akawaudhi Wahindu. Nao Wamaratha wakainuka, wakaiangusha dola yake. Kisha Waingereza wakaja, wakakuta kiti kitupu, wakakikalia. Masimulizi haya ni mepesi kuyashika, na mwanafunzi huweza kupata alama nzuri kwayo. Lakini yanaacha swali kubwa bila jibu. Ikiwa Wamaratha waliishinda Delhi, mbona hawakukaa wao katika kiti cha Delhi? Mbona watu ambao majeshi yao yalifika Lahore waliendelea kupiga sarafu zenye jina la mfalme waliyekwisha mzidi nguvu?

Katika makala haya twapenda kulifuata swali hilo hatua kwa hatua. Rai yetu ni kwamba nguvu za kutawala na haki ya kutawala ni mambo mawili. Nguvu hupatikana kwa upanga. Haki huhitaji muhuri ambao watu wanautambua na kuuheshimu. Wamughali walipoteza upanga wakabaki na muhuri. Wamaratha waliupata upanga, lakini baada ya Shivaji hawakujichongea muhuri wao wenyewe uliokubaliwa nje ya nchi yao. Katika pengo hilo ndimo walimopenya Waingereza.

Sisi walimu wa Kiswahili tunayo sababu ya ziada ya kuijua habari hii. Maneno kama serikali, diwani, wakili, jemadari, laki na rupia tunayatumia darasani bila kuyauliza yalikotoka. Mengine tuliyapata kwa njia ya Waarabu, mengine kwa mabaharia na wafanyabiashara wa Uajemi na Bara Hindi; lakini yote yalikuwa maneno ya kila siku katika afisi za Wamughali.

Dola na nguzo zake

Babur, aliyetoka Asia ya Kati, alimshinda Sultani Ibrahim Lodi mwaka 1526 huko Panipat, kaskazini ya Delhi. Huo ulikuwa mwanzo. Aliyeijenga dola hasa ni mjukuu wake, Akbar, aliyetawala tangu 1556 hata 1605. Akbar aliwapanga wakuu wote wa dola kwa daraja zilizoitwa mansabu, nazo zilihesabiwa kwa tarakimu: huyu wa 500, huyu wa 1,000, yule wa 5,000. Mwenye daraja alipaswa kuweka wapanda farasi kwa idadi aliyoamriwa. Wengi wao hawakulipwa fedha taslimu. Walipewa haki ya kukusanya kodi ya eneo fulani, na haki hiyo iliitwa jagiri. Ardhi yenyewe haikuwa mali yao. Baada ya miaka michache mkuu alihamishwa kwenda kwingine, asije akaota mizizi na kujifanya sultani.

Nchi iligawanywa katika majimbo yaliyoitwa suba. Suba iligawanywa katika wilaya zilizoitwa sarkar, neno la Kiajemi ambalo pia lilitumika kwa hazina na mamlaka ya mtawala, na ambalo kwetu limekuwa serikali. Kila suba ilikuwa na liwali wa kusimamia jeshi na amani, na pembeni yake diwani wa kusimamia fedha. Diwani hakuwa mtumishi wa liwali. Wote wawili walijibu kwa mfalme, kila mmoja akimchunga mwenzake.

Mpango huu ulikuwa na akili nyingi, lakini ulitegemea sharti moja: mapato ya nchi yawatoshe wenye daraja. Maadamu dola ilikuwa ikipanuka na mashamba yakizaa, sharti hilo lilitimia. Hata hivyo ndani yake mlikuwa na ufa. Mkuu anayejua kwamba baada ya miaka mitatu atahamishwa, ana sababu gani ya kumhurumia mkulima? Atakamua anachoweza kabla ya kuondoka. Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu haukuzibwa.

Milima ya Deccan na mafunzo ya Malik Ambar

Kusini ya dola hiyo ziko nyanda za juu za Deccan. Mwanzoni mwa karne ya 17 zilitawaliwa na masultani wa Ahmadnagar, Bijapur na Golconda. Upande wa magharibi nyanda hizo hukatika ghafula kwenye milima ya Sahyadri, yenye magenge, misitu na vilele ambavyo watu walivijengea ngome. Mvua za kusi zinapoanza mwezi wa Juni, njia huwa tope na mito haivukiki. Huko ndiko waliko Wamaratha, watu wa lugha ya Kimarathi, wengi wao wakulima. Wakati wa kiangazi wengi walichukua mkuki wakaenda kuwatumikia masultani kama askari wa farasi.

Hapa historia ya Deccan yagusana na ya bara letu. Malik Ambar alizaliwa Uhabeshi kama mwaka 1548, akauzwa utumwani, akapitishwa nchi za Waarabu hata akafika Deccan. Kwa akili na ushujaa alipanda hata akawa waziri mkuu na mlezi wa masultani wa Ahmadnagar. Wamughali walipomjia kwa majeshi makubwa yenye ndovu na mizinga, hakuwakabili uwandani. Aliwatumia wapanda farasi wepesi, wengi wao Wamaratha, kukata njia za chakula, kushambulia usiku na kutoweka milimani. Alipokufa mwaka 1626 Wamughali walikuwa hawajamshinda. Miongoni mwa makamanda waliopigana chini yake alikuwamo Shahaji Bhonsle, baba yake Shivaji. Basi namna ya vita iliyowapatia Wamaratha sifa, sehemu yake kubwa waliizoea chini ya Mhabeshi huyu.

Wala hakuwa Mwafrika pekee katika habari hii. Kwenye pwani ya Konkan, katika kisiwa cha Janjira, walikuwako Masidi, watu wa asili ya Afrika waliokuwa na ngome na merikebu zao. Shivaji na mwanawe walijaribu mara nyingi kuiteka ngome hiyo, wasiweze.

Shivaji: ngome, taji na kamusi

Shivaji alizaliwa mwaka 1630 katika ngome ya Shivneri. Baba yake alikuwa mbali katika utumishi wa Bijapur, naye akalelewa na mama yake, Jijabai, katika nchi ya Pune. Tangu ujana alianza kuzitwaa ngome za milimani, moja baada ya nyingine. Mwaka 1659 Bijapur ilimtuma jemadari wake Afzal Khan. Wakakutana chini ya ngome ya Pratapgad, na Shivaji akamwua katika mkutano huo. Mwaka 1663 aliingia Pune usiku, akamshambulia Shaista Khan, mjomba wa mfalme Aurangzeb, ndani ya nyumba aliyolala. Mwaka 1664 aliupora mji wa Surat, bandari tajiri kuliko zote za Wamughali.

Aurangzeb alimtuma Jai Singh, mkuu wa Rajput. Yafaa wanafunzi wetu walitie akilini jambo hili: jemadari aliyembana Shivaji hata akasalimu amri alikuwa Mhindu, ilhali katika jeshi na merikebu za Shivaji walikuwamo Waislamu. Kwa mapatano ya Purandar ya mwaka 1665 Shivaji alitoa ngome 23, akabaki na 12. Mwaka 1666 alikwenda Agra barazani kwa Aurangzeb, akasimamishwa safu moja na wenye daraja ya 5,000. Aliona amedharauliwa, akalalamika mbele ya watu, akawekwa kizuizini. Baada ya miezi michache alitoroka. Yasimuliwa kwamba alijificha katika makapu makubwa ya vyakula vitamu vilivyokuwa vikipelekwa kuwa sadaka.

Kisa cha makapu ndicho kinachopendwa na wanafunzi, lakini lililo zito zaidi ni alilolifanya mwaka 1674. Tarehe 6 Juni, katika ngome ya Raigad, Shivaji alitawazwa kwa ibada za kale za Kihindu. Kwa nini mtu mwenye ngome, jeshi na hazina ahitaji taji? Kwa sababu mbele ya sheria za wakati ule alikuwa mwasi tu, mwana wa mtumishi wa Bijapur. Ardhi aliyompa mtu haikuwa na hati ya kuaminika. Ahadi aliyoitoa haikuwa ahadi ya mfalme. Taji lilikuwa muhuri wake. Alianzisha hesabu mpya ya miaka kuanzia siku hiyo, akapiga sarafu zake za dhahabu na shaba, akawa na baraza la mawaziri wanane.

Tena aliamuru litungwe jambo ambalo walimu wa lugha hatuna budi kulitazama kwa makini: kamusi ya maneno ya utawala, iitwayo Rajyavyavaharakosha. Kwa muda mrefu Kimarathi cha afisini kilikuwa kimejaa maneno ya Kiajemi na Kiarabu. Kamusi hiyo iliyakusanya, na kila neno ikalipatia neno la Kisanskriti badala yake. Shivaji aliona kwamba anayetawala kwa maneno ya bwana wake wa zamani hajatoka bado katika nyumba ya bwana huyo.

Alikufa mwaka 1680. Himaya yake haikuwa kubwa ikilinganishwa na ya Aurangzeb, lakini ilikuwa na upanga na muhuri pamoja.

Miaka ya mwisho ya Aurangzeb

Mwaka 1681 Aurangzeb, akiwa na umri wa karibu miaka 63, alikwenda Deccan mwenyewe. Mwanawe Akbar alikuwa amemwasi na kukimbilia kwa Sambhaji, mwana wa Shivaji. Mfalme hakuwahi tena kurudi kaskazini. Kwa zaidi ya robo karne dola yote ilitawaliwa kutoka katika mji wa mahema.

Kwa nje, alishinda kila alipokwenda. Bijapur ilianguka mwaka 1686 na Golconda mwaka 1687. Sambhaji alikamatwa na kuuawa mwaka 1689. Dola ya Mughal haikuwahi kuwa kubwa kama wakati huo. Lakini ushindi huo ndio ulioidhoofisha. Kwanza, wakuu wa masultani walioshindwa, pamoja na Wamaratha waliosalimu amri, walipewa daraja ili watulizwe. Daraja zikawa nyingi, jagiri hazikutosha. Mtu alipewa mansabu ya heshima akangoja miaka eneo lake, na alipolipata alikuta vijiji vimekwisha choma moto na kodi yake kuchukuliwa. Pili, Wamaratha walipokosa mfalme mmoja wa kukamatwa, kila kamanda alikuwa vita peke yake. Rajaram, ndugu yake Sambhaji, alikimbilia ngome ya Jinji, mbali kusini, na Wamughali wakaizingira kwa karibu miaka 8 kabla haijaanguka mwaka 1698. Yeye mwenyewe aliponyoka. Alipokufa mwaka 1700, mjane wake Tarabai alishika uongozi. Aurangzeb alitwaa ngome moja, Tarabai akarudisha nyingine. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Mkulima wa Deccan alilipa kodi pande zote mbili, au alihama.

Ama kuhusu dini, ni kweli kwamba mwaka 1679 Aurangzeb aliirudisha jizya, kodi ya wasio Waislamu, ambayo Akbar aliifuta mwaka 1564, na kwamba jambo hilo lilileta uchungu. Lakini katika nusu ya pili ya utawala wake Wahindu walikuwa karibu theluthi moja ya wakuu wake wa daraja ya 1,000 na kuzidi, kuliko hata wakati wa Akbar. Anayetaka kueleza anguko la dola kwa dini peke yake atashindwa kueleza tarakimu hiyo. Hesabu ya daraja na mapato, na vita visivyokwisha, vyaeleza mengi zaidi.

Aurangzeb alikufa mwaka 1707 karibu na Ahmadnagar, naye ana umri wa miaka 88. Kaburi lake huko Khuldabad ni la kawaida kabisa, kama alivyousia.

Peshwa na hati za Delhi

Baada yake wana wa kifalme walipigana kwa zamu. Kati ya 1707 na 1719 wafalme watano walikalia kiti cha enzi, na mmoja wao, Farrukhsiyar, aliondolewa na kuuawa na wakuu waliomtawaza. Maliwali wa mbali walianza kubaki na kodi. Mwaka 1724 Nizam-ul-Mulk alijifanyia utawala wake Deccan, na Awadh na Bengal zikafuata mkondo huo huo. Lakini angalieni: hakuna hata mmoja wao aliyejitangaza mfalme. Wote waliendelea kujiita watumishi wa Delhi, na nchi nyingi kati ya hizo zilistawi. Dola ilivunjika kama boriti iliyoliwa na mchwa, sura yake ya nje ikiwa bado nzima.

Na Wamaratha je? Mwaka 1707 Wamughali walimwachilia Shahu, mjukuu wa Shivaji, aliyekuwa mateka tangu utoto. Alirudi, akagombana na Tarabai, akaweka makao Satara. Aliyemwimarisha ni Balaji Vishwanath, Bramini wa pwani ya Konkan, ambaye mwaka 1713 alifanywa Peshwa, yaani waziri mkuu. Peshwa ni neno la Kiajemi. Kamusi ya Shivaji ilikuwa imekipatia cheo hicho jina la Kisanskriti, lakini katika vinywa vya watu neno la zamani lilirudi likakaa. Jambo dogo, lakini lilikuwa dalili.

Mwaka 1719 Balaji alikwenda Delhi na jeshi, akarudi na hati zenye muhuri wa mfalme. Hati hizo ziliwapa Wamaratha nchi ya asili ya Shivaji, tena haki ya kutoza chauthi, yaani robo ya kodi ya suba sita za Deccan, na sehemu ya kumi juu yake. Kwa upande wao waliahidi kuweka wapanda farasi 15,000 kwa utumishi wa mfalme na kulipa rupia laki 10 kila mwaka. Wengi waliuona huu kuwa ushindi mkubwa, na kwa mapato ulikuwa hivyo. Lakini kwa jambo letu ulikuwa kurudi nyuma. Babu alijivika taji mwenyewe. Mjukuu aliomba hati. Tangu siku hiyo kila mpanda farasi wa Maratha aliyedai robo alidai kwa jina la Delhi.

Bajirao, mwana wa Balaji, alirithi uwaziri mwaka 1720 akiwa kijana wa karibu miaka 20. Alimshinda Nizam huko Palkhed mwaka 1728 kwa mwendo wa kasi, bila pigano kubwa, na mwaka 1737 alitokea ghafula mbele ya Delhi yenyewe. Miaka miwili baadaye, mwaka 1739, Nadir Shah wa Irani aliwavunja Wamughali huko Karnal, akaupora mji wa Delhi, akaondoka na Kiti cha Tausi. Mali aliyoichukua ilimwezesha kuwasamehe watu wake kodi kwa miaka 3. Mwaka huo huo Wamaratha waliwanyang'anya Wareno mji wa Vasai. Koo kubwa za makamanda zikajipatia nchi: Shinde, Holkar, Gaekwad na Bhonsle wa Nagpur. Peshwa alikaa Pune, na mfalme wa Satara akabaki jina. Yaliyompata mfalme wa Delhi yalimpata na yeye.

Robo isiyolea

Chauthi ilikuwa na kasoro moja kubwa. Aliyeitoza alichukua robo, lakini kuamua kesi, kutengeneza njia na kumlinda mkulima yalibaki kazi ya mwingine. Alikuwa mgeni anayekuja kwenye mavuno na kuondoka. Tangu 1742 hata 1751 wapanda farasi wa Bhonsle waliivamia Bengal karibu kila mwaka, mpaka nawabu wa huko alipokubali kuwaachia mapato ya Orissa na kuwalipa rupia laki 12 kila mwaka. Watu wa Bengal waliwaita bargi, jina la askari aliyepewa farasi na dola, na neno hilo likaingia katika nyimbo za kubembelezea watoto kama jina la kutisha. Neno likiisha kukaa katika wimbo wa mtoto, si rahisi tena kumwambia mama yake kwamba umekuja kutawala kwa wema.

Malipo yake yalionekana Panipat. Mwaka 1752 Wamaratha walipatana na Delhi kumlinda mfalme, na mwaka 1758 walifika Lahore. Ahmad Shah Abdali wa Afghanistan alishuka kuwapinga. Sadashivrao Bhau aliongoza jeshi kubwa kutoka Deccan. Alipofika Delhi mwaka 1760 alikuwa hana fedha, akaibandua fedha iliyopamba dari ya ukumbi wa baraza la mfalme ili awalipe askari. Kisha akatazama huku na huku akitafuta marafiki. Marajput walikwisha tozwa mno, wakakaa kando. Suraj Mal, mkuu wa Majati, alijitenga. Nawabu wa Awadh alijiunga na Abdali. Tarehe 14 Januari 1761, jeshi lililokwisha kuona njaa lilitoka kupigana. Ibrahim Khan Gardi, Mwislamu aliyeongoza mizinga ya Wamaratha, alipigana kwa uaminifu akauawa. Bhau alikufa, na Vishwasrao, mwana wa Peshwa, alikufa, pamoja na maelfu ya watu. Baada ya miezi michache Peshwa mwenyewe alifariki.

Abdali alirudi kwao. Hakuna aliyebaki Delhi na nguvu za kutosha. Lakini muhuri ulikuwa bado upo.

Muhuri waingia mikononi mwa kampuni

Waingereza wa Kampuni ya Uhindi ya Mashariki walikuwa wamemshinda nawabu wa Bengal huko Plassey mwaka 1757, na mwaka 1764 huko Buxar walishinda majeshi ya pamoja ya Bengal, Awadh na mfalme Shah Alam II. Mwaka 1765 hawakujitangaza wafalme. Walimwomba Shah Alam hati ya diwani ya Bengal, Bihar na Orissa, yaani haki ya kukusanya kodi kwa jina lake, wakaahidi kumpa rupia laki 26 kwa mwaka. Cheo kile alichokibuni Akbar ili kumchunga liwali ndicho kilichowapa wafanyabiashara wa London mapato ya jimbo tajiri kuliko yote. Ahadi ya malipo hawakuitimiza kwa muda mrefu, hati waliishika.

Wamaratha nao walijaribu tena. Mahadji Shinde alisaidia kumrudisha Shah Alam Delhi mwaka 1772, na mwaka 1784 alipata hati ya cheo cha wakili mutlaki, wakili mwenye mamlaka yote, kwa jina la Peshwa. Kwa miaka kadhaa yeye ndiye aliyekuwa bwana wa Delhi, lakini bwana huyo alikuwa wakili wa wakili. Alikufa mwaka 1794, na koo za Maratha zikaanza kupigana zenyewe kwa zenyewe. Mwaka 1802 Peshwa Bajirao II, akimkimbia Holkar, alijiweka chini ya Waingereza. Mwaka 1803 Waingereza waliiteka Delhi wakamkuta Shah Alam mzee na kipofu, na mwaka 1818 cheo cha Peshwa kilifutwa.

Hata hapo rupia za Kampuni ziliendelea kupigwa kwa jina la Shah Alam, aliyekuwa amekufa mwaka 1806, mpaka 1835. Na askari wa Meerut walipoasi mwezi wa Mei 1857, walikimbilia wapi? Walikwenda Delhi kwa Bahadur Shah, mzee wa miaka 81 asiyekuwa na jeshi wala hazina, wakamtaka jina lake. Huko Kanpur, Nana Saheb, mwana wa kulea wa Peshwa wa mwisho, alikuwa upande huo huo wa uasi. Waingereza waliufahamu vizuri uzito wa jina hilo. Walimhukumu mzee yule, wakampeleka Rangoon, naye akafa huko mwaka 1862.

Tunalojifunza

Baada ya hayo twaweza kulijibu swali la mwanzo. Wamaratha hawakukaa katika kiti cha Delhi kwa sababu nguvu zao za karne ya 18 zilisimama juu ya hati za Delhi. Kukivunja kiti kungekuwa kuzichana hati zao wenyewe. Shivaji alikuwa ameonyesha njia nyingine, ya mtawala anayesimamisha sheria, sarafu na lugha yake mahali anapowalinda watu wake. Waliomfuata walipanua upanga kuliko alivyoota yeye, wakaiacha kazi ya muhuri.

Kwa walimu wenzetu tungependekeza mambo mawili. Kwanza, habari hii isifundishwe kama ugomvi wa dini mbili. Jai Singh na Ibrahim Khan Gardi watoshe kumfanya mwanafunzi afikiri upya. Pili, iingizwe katika somo la msamiati. Mwandikieni mwanafunzi ubaoni maneno sarkar, diwani, wakili, jamadar, lakh na rupia, mwambieni ayatafutie ndugu zao katika Kiswahili, kisha aeleze maana imebadilika vipi. Diwani wa Wamughali alikusanya kodi. Diwani wetu huchaguliwa na watu wa kata, au huwa kitabu cha mashairi. Wakili wa Delhi alikuwa mshika dola. Wakili wetu husimama mahakamani. Rupia yenyewe ilitumika pwani na bara ya Afrika ya Mashariki hata mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Mwanafunzi akiisha kuyaona hayo, aulizwe swali la mwisho: kamusi ya Shivaji ilishindwa au ilifaulu? Atakayesema ilishindwa atautaja uwaziri wa Peshwa. Atakayesema ilifaulu atasema kwamba ilithubutu kuuliza swali ambalo kila taifa linalojipatia lugha ya utawala hulazimika kuliuliza. Majibu yote mawili yafaa kusikilizwa, mradi kila mmoja atoe ushahidi wake.